Ngao, Nairobi na Lugha za Mto Tana

Orodha ya maneno ya Kipokomo ilichapishwa mjini Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850. Ilikuwa ndani ya kitabu cha mmishonari Johann Ludwig Krapf kilichopanga msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigalla, jina ambalo wageni wa wakati ule walikiita Kioromo. Mbili kati ya lugha hizo sita, Kipokomo na Kioromo, ni za Mto Tana. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akitokea Ethiopia, na miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1840, alikuwa amekwisha kuchapisha London muhtasari wa sarufi ya Kioromo. Shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa kuwafikia Waoromo, na bonde la Tana lilikuwa upande wao. Hivyo ndivyo lugha za mto huo zilivyoingia katika vitabu vya wasomi zaidi ya karne moja kabla Kenya haijawa na chuo kikuu chake, na kabla mtoto yeyote wa Garsen au Hola hajapata nafasi ya kuzisoma darasani kama somo la isimu.

Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000, na lugha zake hupangika kwa jinsi maji yanavyoshuka. Kusini mwa Garissa wako Wailwana, wanaoitwa pia Wamalakote. Jirani zao ni Wamunyoyaya, wakulima na wavuvi wa ukingoni kama Wapokomo, ila lugha yao ni lahaja ya Kioromo. Kisha huja Wapokomo wa juu, wenye makundi kama Zubaki, Ndura, Kinakomba, Gwano na Ndera, na chini yao Wapokomo wa delta: Dzunza, Buu, Ngatana, Mwina. Nje ya ukanda wa mashamba, ng'ambo zote mbili, ni malisho ya Waorma na Wawardei. Mto unapofika Ozi na Kipini, Kiswahili ndicho lugha ya mji. Na misituni kuelekea Witu wamo Wadahalo na Waboni, ambao asili ya maisha yao ni uwindaji. Garsen imekaa mahali ambapo barabara ya kutoka Malindi hugawanyika, moja ikienda Lamu na nyingine Hola na Garissa, kwa hiyo sokoni pake lugha nyingi kati ya hizi husikika kabla ya adhuhuri. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 315,943 katika Kaunti nzima ya Tana River. Ni watu wachache kwa lugha zote hizo, tena lugha za jamii mbili zilizo mbali kabisa kwa asili, Kibantu na Kikushi. Kwa mwanaisimu, mahali kama hapa hapana mfano. Kwa wizara yenye kuchapa vitabu vya shule, ni mtihani.

Taasisi ya kwanza ya lugha katika bonde hilo haikuwa chuo, bali kituo cha misheni. Ngao, katika delta chini ya Garsen, ilianzishwa na Misheni ya Neukirchen ya Ujerumani mwaka 1887. Wamethodisti wa Uingereza walikuwa wametangulia hapo jirani, Golbanti, ambako mwaka 1886 mmishonari John Houghton na mkewe Annie waliuawa katika uvamizi wa Wamaasai. Ngao ikadumu. Mmishonari wake Ferdinand Würtz alifanya kazi ambayo leo ingeitwa utafiti wa nyanjani: kukaa kijijini, kusikiliza, kuandika neno, kulirudia mbele ya msemaji hadi akubali kwamba limetamkwa sawa. Mwaka 1889 orodha yake ya maneno ya Kipokomo ilitoka katika jarida la lugha za Kiafrika lililohaririwa Berlin na Carl Büttner. Mwaka 1895 ikafuata kamusi ya Kitikuu na Kipokomo, na mwaka 1896 sarufi ya Kipokomo. Agano Jipya kwa lugha hiyo lilichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka huohuo wa 1887, Berlin ilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki kwenye chuo kikuu chake, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa tangu siku za mwanzo. Mwalimu wake alikuwa Büttner huyohuyo. Njia ya maneno ikawa fupi kuliko mtu angedhani: yalitoka kinywani mwa Mpokomo wa Ngao, yakapita kwenye daftari la mmishonari, yakafika kwenye jarida la mwalimu wa chuo kikuu, na kutoka hapo wanafunzi wa Ujerumani wakayasoma. Waliotoa maneno hayo hawakutajwa kwenye majalada. Desturi hiyo ilikuwa ya kila mahali wakati huo, wala haikukoma upesi.

Kazi ya Ngao ilileta matokeo mawili yanayoonekana hadi leo. Kwanza, Kipokomo ni kati ya lugha za Kenya zilizoandikwa sarufi mapema sana, kabla ya reli ya Mombasa kufika Nairobi, kwa kweli kabla Nairobi haijawa mji. Pili, kilichoandikwa ni Kipokomo cha chini. Misheni ilikaa delta, na waumini wake walikuwa wa delta. Wapokomo wa juu waliingia katika Uislamu kwa wingi, na kitabu cha kanisa hakikuwa na njia ya kupanda mto hadi kwao. Maandishi yakawa na upande. Mpaka wa dini ukafuata mpaka wa lahaja, au karibu sana, na tahajia iliyobuniwa Ngao ikabaki mali ya nusu moja ya Wapokomo.

Ujerumani iliendelea kukusanya. Hamburg ilianzisha Taasisi ya Kikoloni mwaka 1908, na mwaka uliofuata Carl Meinhof akahamia huko kufundisha lugha za Kiafrika. Taasisi hiyo iliingia katika Chuo Kikuu cha Hamburg kilipoanzishwa mwaka 1919. Meinhof ndiye aliyeupa ulinganishi wa lugha za Kibantu nidhamu ya kitaaluma: sauti za lugha moja hulinganishwa na za nyingine kwa kanuni, si kwa kusikia tu kwamba maneno yanafanana. Alikuwa pia na nadharia kuhusu watu wa Kihamiti ambazo wanaisimu wa baadaye walizitupa, na kwa haki. Kanuni zake za sauti zilibaki.

Upande wa Waingereza, jina la kukumbukwa Tana ni Alice Werner. Alisafiri Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913, akakaa miongoni mwa Wapokomo, akachapisha makala juu yao na juu ya masimulizi yao mwaka 1913, pamoja na makala juu ya Wasanye, wawindaji wa msituni, na baadaye juu ya Waoromo wa eneo hilo. Kinachomtofautisha na wengi wa zama zake ni kwamba hakuitazama lugha moja peke yake. Alitaka kujua Mpokomo na Mworomo wanaitana nani, wanasimuliana nini, na mwindaji wa msituni anasimama wapi kati yao. Shule ya Masomo ya Mashariki ya London ilipofungua milango mwaka 1917, Werner alikuwa miongoni mwa walimu wake, na hatimaye akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu. Mwaka 1926 alichapisha katika jarida la shule hiyo uchunguzi wake wa habari za Fumo Liyongo, mshairi na shujaa ambaye mapokeo humweka Shaka na Ozi, kwenye mlango wa Tana. Muhammad Kijuma wa Lamu alikuwa ameutunga utendi wake juu ya Liyongo mwaka 1913. Wapokomo nao wana masimulizi yao juu ya Liyongo, na Werner aliyapa uzito, jambo ambalo wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili waliokuja baadaye walilisahau.

Berlin, Hamburg, London: katika nusu karne yote hiyo, mtu wa Tana hakuwa na mahali pa kusoma lugha yake kwa kiwango hicho ndani ya nchi yake. Serikali ya kikoloni ilihitaji lugha moja ya utawala na shule. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendesha kazi ya usanifishaji. Kipokomo, Kiorma na lugha jirani hazikuwa katika hesabu hiyo. Zilibaki kanisani, madrasani na nyumbani.

Elimu ya juu Kenya ilianza na Chuo cha Kifalme cha Ufundi, Nairobi, kilichopokea wanafunzi mwaka 1956. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kilizinduliwa mwaka 1963. Ni mwaka uleule ambao kamati ya wanamuziki, wakiwamo Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliandaa wimbo wa taifa kwa kutumia lahani ya bembelezi ya Kipokomo iliyopokewa kwa Mzee Meza Moroa Galana wa Tana River. Taifa likachukua sauti ya mtoni. Maneno yakawa ya Kiswahili na Kiingereza.

Katika chuo cha Nairobi, lugha iliyokuwa na idara ilikuwa Kiingereza. Septemba 1968 kaimu mkuu wa idara hiyo, James Stewart, aliwasilisha kwenye Bodi ya Kitivo cha Sanaa andiko kuhusu mustakabali wa masomo ya lugha. Alipendekeza, pamoja na mengine, kuundwa kwa idara ya isimu na lugha iliyo na uhusiano wa karibu na Kiingereza. Jibu lilikuja Oktoba 24. Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza yenyewe ifutwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza: Afrika iwekwe katikati, fasihi simulizi ipewe nafasi ya kwanza, na lugha za nje zisomwe kwa kulingana na uhusiano wake na mahali hapa. Waraka huo ulijulikana duniani kwa sababu ya fasihi, na ndiyo maana wengi hawakumbuki kwamba ugomvi ulianzia kwenye swali la isimu: lugha za Kiafrika zitasomwa wapi, na chini ya nani?

Nairobi ilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, fasihi ilikuwa ikijengewa idara yake na isimu na lugha za Kiafrika zikawa na makao yao mbali na Kiingereza. Mohamed Hassan Abdulaziz, mzaliwa wa Mombasa, akawa nguzo ya idara hiyo ya isimu kwa miongo mingi. Aliandika juu ya sera ya lugha Tanzania, juu ya jinsi Kiswahili, Kiingereza na lugha za kienyeji zinavyogawana kazi katika jamii moja, na mwaka 1979 alitoa kitabu chake juu ya mashairi ya Muyaka. Karega Mutahi alichunguza mabadiliko ya sauti katika lahaja za kusini mwa Mlima Kenya. Okoth Okombo alifanya kazi juu ya Dholuo, na baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya.

Orodha hiyo yaonyesha jinsi idara ya aina hii inavyofanya kazi. Mhadhiri huanza na lugha ya mama yake, kwa sababu ndiyo anayoweza kuihukumu bila kumuuliza mtu. Lugha yenye mwenyewe chuoni hupata sarufi, tasnifu, wanafunzi na wanafunzi wa wanafunzi. Isiyo na mwenyewe chuoni humsubiri mgeni. Kwa miaka mingi ya mwanzo, Tana ilikuwa upande wa pili. Shule za sekondari zilikuwa chache katika wilaya hiyo, na wachache waliofika chuo kikuu walikuwa na sababu nyingi za kuchagua sheria, udaktari au ualimu wa masomo mengine.

Wageni hawakukosekana. Utafiti wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika Afrika Mashariki, uliofadhiliwa na Wakfu wa Ford, ulifanyika katika nchi tano mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970. Sehemu ya Kenya ilihaririwa na Wilfred Whiteley, profesa wa London aliyewahi kuongoza uchunguzi wa Kiswahili Dar es Salaam. Kitabu kilitoka mwaka 1974, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Mwaka 1980 Bernd Heine na Wilhelm Möhlig wa Chuo Kikuu cha Cologne walianza kutoa atlasi ya lugha na lahaja za Kenya. Heine aliandika pia juu ya Kiwaata na lahaja za Kiboni, na Möhlig akalinganisha lahaja za Kiswahili za Kenya na Mijikenda na lugha za Kibantu za bonde la Tana. Mwaka 1987 Mholanzi Harry Stroomer alichapisha ulinganishi wa lahaja tatu za Kioromo cha kusini: Kiborana, Kiorma na Kiwaata.

Ugunduzi mkubwa zaidi uliotokana na Tana, hata hivyo, ulifanyika Los Angeles. Thomas Hinnebusch aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha California mwaka 1973, juu ya lugha za Kibantu za pwani ya Kenya. Kabla yake, uainishaji uliotumika ni ule wa Malcolm Guthrie wa London, aliyezigawa lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi. Kipokomo kiliwekwa kanda E, namba 71, pamoja na Mijikenda na Kitaita. Kiswahili kikawekwa kanda G, namba 42. Kwa hesabu hiyo, Mpokomo wa Kau na Mswahili wa Kipini, watu wanaovua samaki katika maji mamoja, walikuwa katika makundi mawili tofauti. Guthrie hakudai kwamba kanda zake zote ni koo za kihistoria. Sehemu yake kubwa ni jiografia na urahisi wa kurejelea. Lakini wasomaji wengi walizichukua hivyo.

Hinnebusch aliuliza swali jingine. Kufanana peke yake hakuthibitishi undugu wa karibu, maana lugha mbili zinaweza kuwa zimehifadhi kitu cha kale ambacho ndugu wengine wote pia walikuwa nacho. Kinachothibitisha ni badiliko la pamoja: sauti iliyogeuka kwa namna ileile, katika maneno yaleyale, kwa lugha hizi na si kwa nyingine. Kwa kipimo hicho Kiswahili, Kikomoro, Mijikenda, Kipokomo na Kiilwana vilitokea kuwa tawi moja. Tawi hilo likapewa jina la mto mwingine wa pwani, Sabaki, na Kitaita kikabaki nje. Derek Nurse, aliyekuwa amefundisha Dar es Salaam, aliungana na Hinnebusch, na mwaka 1993 wakatoa historia ya kiisimu ya Kiswahili na Sabaki, kitabu kinene ambacho hadi leo hakuna mwanafunzi wa isimu historia ya pwani anayekikwepa.

Maana yake kwa mtu wa Tana ni kubwa kuliko jina la kitaalamu. Kwa muda mrefu Kiswahili kilizungumziwa kama kitu kilichoshuka jahazini, nusu Kiarabu na nusu Kibantu, na Wapokomo kama watu wa bara waliojifunza Kiswahili kwa jirani zao wa pwani. Ushahidi wa sauti na sarufi ulisema kwamba ni ndugu wa tumbo moja, waliotengana katika milenia ya kwanza, mmoja akashika bahari na mwingine mto. Kitabu cha Nurse na Thomas Spear cha mwaka 1985 kiliueleza ukoo huo kwa wasomaji wa historia wasiojua istilahi za isimu, na kikaiweka pwani ya kaskazini mwa Kenya, jirani na Lamu na delta ya Tana, katikati ya simulizi ya Waswahili wa mwanzo. Simulizi za Shungwaya, mahali ambapo Mijikenda na baadhi ya Wapokomo hupataja kama asili yao, zikasomwa upya kwa mwanga huo. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya Shungwaya, na isimu peke yake haiwezi kuwapatanisha.

Nurse alirudi kwenye bonde hilo kwa kitabu cha mwaka 2000 kilichochunguza lugha mbili zilizobadilishwa na majirani zao. Moja ilikuwa Kiilwana. Wailwana wamekaa na Waorma kwa karne nyingi kiasi kwamba maneno ya Kiorma yameingia hadi kwenye msamiati wa kila siku, na hata mfumo wa sauti na sarufi umeguswa. Kinyume chake ni Wamunyoyaya, wenye maisha ya mkulima wa mtoni na lugha ya mfugaji. Kiilwana na lugha ya Wamunyoyaya ni kumbukumbu ya kuoana, kupangishana malisho, kulipana kodi na kupigana pia. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, mapigano katika delta ya Tana yaliua zaidi ya watu 100, na magazeti yakayaeleza kuwa ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma, kama kwamba makundi hayo yalikutana jana. Sarufi ya Kiilwana haiwezi kuzuia mkuki. Inaweza tu kuonyesha kwamba mpaka unaochorwa kwenye taarifa za habari haukuwahi kuwa mstari ulionyooka.

Lugha iliyoipa Tana jina katika mijadala ya ulimwengu ni ndogo kuliko zote. Kidahalo ni lugha ya Kikushi yenye wasemaji mia chache, bara ya Lamu na karibu na delta. Ina vidoko, zile sauti za kufyonza ulimi ambazo watu huzijua kwa lugha za kusini mwa Afrika, na Tanzania kwa Kihadzabe na Kisandawe. Vidoko vyake havipatikani katika lugha nyingine yoyote ya Kikushi, na wengi huvichukulia kuwa mabaki ya lugha ya kale ambayo wawindaji hao waliiacha walipopokea Kikushi. Mauro Tosco alichapisha muhtasari wa sarufi yake mwaka 1991. Peter Ladefoged, mtaalamu wa fonetiki wa Chuo Kikuu cha California, alikwenda kuzirekodi sauti zake.

Mwaka 1992 jarida la Chama cha Isimu cha Marekani lilitoa mkusanyiko wa makala ukiongozwa na Kenneth Hale, ukitaka wanaisimu wazitetee lugha zinazokufa. Ladefoged akajibu baadaye mwaka huo. Alisimulia kwamba alipomuuliza msemaji wake wa Kidahalo kama wanawe wanaisema lugha hiyo, mzee alijibu kwamba wanaisikia tu, lugha yao ni Kiswahili. Na alisema hivyo kwa tabasamu la mzazi ambaye watoto wake wamesoma. Ladefoged akauliza: mwanaisimu ni nani hata amwambie mzee huyo kwamba amekosea? Mwaka uliofuata Nancy Dorian alimjibu kwamba kizazi kinachoacha lugha si cha mwisho kuamua. Wajukuu mara nyingi hurudi wakiitafuta, na wakikuta hakuna kilichoandikwa, hawana la kufanya.

Mjadala huo hufundishwa leo katika vyuo vya mabara yote, na mfano wake umetoka kwenye msitu ulio mwendo mfupi tu kutoka Garsen. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli, ila Ladefoged alitumia tabasamu moja kubeba mzigo mkubwa mno. Mzee yule hakuchagua kati ya Kidahalo na Kiswahili katika hali ya usawa. Alichagua katika nchi ambayo shule, hospitali na ofisi ya chifu hazina hata tangazo moja la Kidahalo.

Mabadiliko ya sheria na ya vyuo yalikuja kwa pamoja. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Pwani kilianzishwa Kilifi kama chuo kishiriki cha Kenyatta, kikapata hati yake Januari 2013. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa Garsen angeweza kusoma shahada ya lugha bila kuvuka Mombasa. Juu ya mto, Chuo Kikuu cha Garissa, kilichoanza mwaka 2011 chini ya Moi, kilishambuliwa na magaidi Aprili 2, 2015. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Kilifunguliwa tena mwaka 2016 na kupata hati mwaka 2017. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya na iendeleze matumizi ya lugha za kienyeji. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 uliziweka lugha hizo katika ratiba ya madarasa ya awali na ya chini ya msingi.

Kwa hiyo tasnifu juu ya Kipokomo na Kiorma zimeanza kuandikwa na wenyewe. Mada zake hutofautiana na zile za wageni. Mgeni huvutiwa na sauti adimu na ukoo wa kale. Mwanafunzi wa Tana huchunguza zaidi majina ya watu na mahali, methali, mabadiliko ya lugha ya vijana mijini, mkopo wa maneno kutoka Kiswahili, na mwalimu anavyochanganya lugha darasani. Wachambuzi wengine huona kuwa mada hizo ni nyepesi. Si nyepesi: kuandika ngeli za nomino za Kindera kwa ukamilifu, au kupanga vitenzi vya Kiorma kwa njeo zake, ni kazi ya miaka, na mwenye lugha huiona mianya ambayo Würtz hakuiona kwa sababu alikaa delta.

Swali linalobaki mezani ni la kiutendaji: tahajia. Kitabu cha darasa la kwanza hakiwezi kuandikwa kwa lahaja kumi. Kipokomo cha chini kina maandishi ya zaidi ya karne moja, lakini Wapokomo wa juu, ambao kwao maandishi hayo ni ya kanisa na ya delta, hawana sababu ya kuyakubali bila kuulizwa. Wenyewe huiita lugha yao Kipfokomo, na sauti hiyo ya pf, isiyokuwamo katika Kiswahili sanifu, ndiyo mfano wa kwanza wa herufi zinazohitaji makubaliano. Upande wa Kiorma tatizo ni jingine. Waoromo wa Ethiopia waliamua mwaka 1991 kutumia maandishi ya Kilatini yanayoitwa Qubee. Humo herufi c peke yake ni ch ya kupasuka, ch ni ile ya kawaida, x ni t ya kupasuka, na dh ni d ya kuvutwa ndani. Mtoto wa Kiorma wa Garsen anajifunza Kiswahili wakati huohuo, na katika Kiswahili dh ni sauti ya neno dhahabu. Akipewa Qubee, atasoma vitabu na magazeti ya mamilioni ya Waoromo ng'ambo ya mpaka. Akipewa tahajia ya Kiswahili, atasoma haraka zaidi mwaka wake wa kwanza, kisha atabaki na vitabu vichache vya Kenya.

Wanaisimu hawaamui jambo hilo peke yao. Kazi yao ni kuandaa tahajia zote mbili, kuwapa wasomaji wa Hola, Garsen na Ngao, kuhesabu wanapokwama, na kupeleka matokeo kwa wazee, walimu, makanisa, misikiti na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Katika mji wenyewe wa Garsen, ambako darasa moja huwa na Mpokomo, Mworma, Mwardei na Mswahili, sera ya elimu inaruhusu Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia madarasa ya chini, na shule nyingi za mjini hufuata njia hiyo. Kipokomo na Kiorma vina nafasi kubwa zaidi katika shule za vijijini, kando ya mto na kwenye malisho, na huko ndiko vitabu vya majaribio vinakohitajika kwanza.